Maji ya tumbaku: tangu kibuyu cha Ujiji hadi sigara ya umeme

Kirolirwe, Masisi – Katika vilima vya Masisi, mzee aliyeketi mbele ya nyumba na kiko mkononi si jambo la kushangaza. Wapo wababa, na wapo wamama pia. Wanaosema Kinyarwanda huita tumbaku itabi. Lakini kuna sehemu ya historia ya majani haya ambayo vijana wengi hawaijui: zamani, watu wa eneo letu la maziwa walitumia tumbaku bila moto wala moshi. Waliiloweka, wakakamua maji yake.

Tumbaku si mmea wa asili wa Afrika. Ilitoka Amerika. Mwaka 1492 watu wa Christopher Columbus waliwaona wenyeji wa Kuba wakivuta majani yaliyosokotwa. Katika karne iliyofuata, Wareno na wafanyabiashara wengine waliileta Afrika, na mbegu ikapita mkono kwa mkono mpaka ikafika katikati ya bara.

Mwezi wa pili mwaka 1858, Mwingereza Richard Burton alifika Ujiji, kando ya Ziwa Tanganyika. Katika kitabu alichotoa mwaka 1860, aliandika kwamba watu wa pale walitembea na kibuyu kidogo au chungu cheusi chenye tumbaku ndani. Mtu akitaka, anatia maji, anakamua, kisha anavuta yale maji puani kutoka kiganjani. Ili yasimwagike upesi, alibana pua kwa koleo ndogo ya mti au ya chuma, mikono ikabaki huru kwa kazi.

Kwa nini maji yalitosha? Jibu lilipatikana mbali na Ujiji. Mwaka 1828, huko Heidelberg, Ujerumani, Posselt na Reimann walitenga nikotini kutoka majani ya tumbaku. Nikotini ndiyo inayomfanya mtu aitamani tumbaku tena na tena, na inayeyuka kwa urahisi ndani ya maji. Tena ni sumu kali. Ndiyo maana wafugaji wa kondoo huko Australia, katika karne ya 19, waliwaogesha kondoo kwa maji ya tumbaku ili kuua wadudu wa ngozi. Wakulima wa nchi nyingi nao wamenyunyizia mimea yao maji hayo hayo.

Leo kazi ile ya kibuyu imerudi kwa sura nyingine. Sigara ya umeme ya kisasa ilianzia China mwaka 2003, mikononi mwa mfamasia Hon Lik. Haichomi majani, inapasha moto kimiminiko mpaka kiwe mvuke. Ulaya na Marekani, wako watu wanaojitengenezea kimiminiko hicho nyumbani. Wanaloweka tumbaku ya kiko au sigara nene katika gliserini au propileni glikoli, wanaiacha kwa majuma kadhaa, kisha wanaichuja. Wanachotafuta ni ladha. Lakini nikotini inatoka pamoja na ladha, na nyumbani hakuna kipimo cha kujua imetoka kiasi gani.

Hapo ndipo historia inagusa familia zetu. Tangu vita vya mwanzoni mwa 2023, watu wengi wa Kirolirwe na Kitshanga wameishi uhamishoni, pengine jamaa nzima katika chumba kimoja au chini ya hema moja. Chupa ya maji ya kunywa, chupa ya mafuta na chupa ya dawa ya shamba zinakaa pamoja. Maji ya tumbaku yana rangi ya chai. Mtoto mwenye kiu hawezi kutofautisha.

Nikotini inapita hata kwenye ngozi. Wanaovuna majani mabichi yenye umande hupata kizunguzungu na kutapika kwa sababu hiyo. Kwa mtoto, hata kiasi kidogo kinaweza kuua.

Kwa hiyo, anayeloweka tumbaku kwa ajili ya shamba asitumie chupa ya kinywaji wala sufuria ya jikoni, na aiweke juu, mbali na watoto. Ikimwagikia ngozi, vua nguo zilizolowa na uoshe kwa maji mengi. Mtoto akiinywa, msimlazimishe kutapika na msingoje kesho: mkimbizeni kituo cha afya, na chupa ile mwende nayo ili muuguzi ajue alichokunywa.

Mzee wa Ujiji alijua kilichomo ndani ya kibuyu chake, na alikibeba mwenyewe. Chupa iliyoachwa pembeni ya hema haina anayeilinda.