Tiba ya Kupanda Farasi: Manufaa na Tahadhari Zake

Tiba ya kupanda farasi ni huduma ya utengamao inayotumia mwendo wa mnyama huyo kuimarisha mwili wa mgonjwa. Farasi anapotembea, mgongo wake huchezesha nyonga za mpandaji mbele na nyuma, juu na chini, na upande hadi upande, kwa namna inayokaribia mwendo wa binadamu. Hivyo, hata asiyeweza kutembea huizoeza misuli ya kiwiliwili na kujifunza kukaa wima. Miongoni mwa wanaohudumiwa ni watoto wenye mtindio wa ubongo.

Huduma hii ilipata umaarufu kupitia Lis Hartel wa Denmark, aliyeugua polio mwaka 1944 na kupooza kuanzia magotini kwenda chini. Ingawa alihitaji kusaidiwa kupanda na kushuka, alitwaa medali ya fedha katika Michezo ya Olimpiki ya Helsinki mwaka 1952.

Hata hivyo, tiba hii haichukui nafasi ya matibabu ya hospitali. Wenye kifafa kisichodhibitiwa au udhaifu wa uti wa mgongo wanaweza kudhurika. Kwa sababu hiyo, ushauri wa daktari hutangulia, mpandaji huvaa kofia ngumu, na wasaidizi hutembea kando yake.