Uvuvi wa mshipi Pemba: yanayompasa kuyajua anayeanza

Miongoni mwa zana za uvuvi zinazotumika kisiwani Pemba, mshipi ndio unaomgharimu kidogo anayeanza. Uzi wa nailoni uliozungushiwa kwenye kibao, ndoana chache, chubwi la risasi na chambo vinatosha kwa siku ya kwanza. Mshipi pia humwezesha mvuvi kuchagua samaki amtakaye, jambo ambalo juya haliwezi na baruti haijui.

Uvuvi katika maji ya Zanzibar unasimamiwa na Sheria ya Uvuvi Namba 7 ya mwaka 2010, chini ya Wizara ya Uchumi wa Buluu na Uvuvi. Kabla ya kununua ndoana, ni vyema mwananchi akafika kwa sheha wake na kwa bwana diko ili aelezwe utaratibu wa leseni, usajili wa chombo na maeneo yaliyofungwa. Hili la mwisho lina uzito Pemba kuliko wengi wanavyodhani. Bahari ya kisiwa cha Misali imekuwa chini ya hifadhi tangu mwaka 1998, na mwaka 2005 likaanzishwa Eneo la Hifadhi la Mkondo wa Pemba, ambalo linachukua ukanda wa magharibi wa kisiwa. Magharibi ya Misali ipo sehemu isiyoruhusiwa uvuvi wa aina yoyote. Aidha, baadhi ya shehia, ikiwamo Kisiwa Panza, zimekuwa zikifunga miamba kwa muda ili pweza wakue. Mgeni wa diko asiyeuliza anaweza kuvunja utaratibu wa watu bila kukusudia.

Kwa kujifunza, changu wa miambani ndiye mwalimu mzuri. Chombo hutiwa nanga pembeni ya mwamba, si juu yake, kwa kuwa nanga huvunja matumbawe na ndoana hunasa. Chambo cha ngisi au cha kibua hukatwa kipande kinachofunika ndoana na kuacha ncha wazi. Mshipi huteremshwa hadi chubwi liguse chini, kisha huinuliwa kidogo na kushikwa kwa vidole, si kwa kiganja. Kudonoa kwa samaki mdogo huhisiwa kama mtikiso mwepesi. Asiyesubiri huvuta mapema na kupandisha ndoana tupu. Fundo lilowanishwe kabla ya kukazwa, maana nailoni kavu hujiunguza kwa msuguano na kukatika hapo hapo. Tena mshipi usizungushiwe mkononi hata mara moja: kolekole au nguru akishika kwa kasi, uzi hukata nyama ya vidole.

Kwenye maji ya kina hufuata kurambaza, yaani kuvuta mshipi nyuma ya chombo kinachokwenda. Hapa ndoana iliyofungwa manyoya meupe au nyuzi zinazong'aa huweza kushika nafasi ya chambo, kwa sababu nguru na jodari huwinda kwa macho. Uvuvi wa manyoya unaopendwa na wageni hutumia hila hiyo hiyo, ila kwa fimbo nyembamba na uzi mzito: uzito unaorusha umo katika uzi wenyewe, wala si katika ndoana. Anayetaka kuujaribu afanye mazoezi ufukweni kwanza, bila ndoana, na upepo usiwe usoni.

Hatari kubwa, hata hivyo, ni bahari yenyewe. Kati ya Pemba na Tanga kuna takribani kilomita 50 za maji yenye kina kirefu sana, na mkondo wa pwani huelekea kaskazini mwaka mzima. Wakati wa kusi huzidi nguvu. Chombo kilichozimika injini au kuvunjika mlingoti huchukuliwa kuelekea maji ya Kenya. Anayeanza asivuke miamba bila nahodha mzoefu, awe na jaketi la kuokolea maisha, na aache taarifa dikoni ya anakokwenda na saa ya kurudi. Katika bamvua, kujaa na kupwa hutofautiana kwa karibu mita 4, hivyo njia iliyopitika asubuhi huweza kuwa mwamba mkavu mchana.

Si kila kinachoshika ndoana huliwa. Bunju arudishwe baharini. Kasa analindwa kisheria, na nyama yake inaweza kuwa na sumu isiyoondoka kwa kupikwa wala kuchemshwa. Mwezi Machi 2024, huko Kisiwa Panza, watu 9, wakiwamo watoto 8, walifariki baada ya kula nyama ya kasa. Kasa akinasa, asogezwe taratibu ubavuni mwa chombo, uzi ukatwe karibu kabisa na ndoana, kisha aachiwe. Aliyekwisha kula nyama hiyo apelekwe hospitali mara moja, hata kama bado hajahisi lolote.