Jumuiya ya Afrika Mashariki, 1967–1977: Nguvu na Udhaifu wa Mamlaka ya Pamoja

Utangulizi

Kuvunjika kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 1977 huelezwa kwa kawaida kwa sababu tatu: tofauti za siasa baina ya Tanzania na Kenya, mapinduzi ya Idi Amin nchini Uganda, na malalamiko kwamba Kenya ilifaidi kuliko wenziwe. Sababu hizo ni za kweli, lakini hazitoshi. Makala hii inakusudia kuonyesha kwamba udhaifu mkubwa ulikuwa katika muundo wenyewe: huduma zilikuwa za mamilioni ya watu, lakini uamuzi wa mwisho ulikuwa wa watu watatu. Tutaigusa pia Kamati ya Lugha. Wasomaji wa jarida hili wanaifahamu kwa kazi yake ya usanifishaji. Hapa tutaitazama kama mojawapo ya huduma za pamoja.

Urithi wa Ukoloni

Ushirikiano huu haukuanza na uhuru. Kenya na Uganda ziliunganisha forodha zao mwaka 1917, na kufikia mwaka 1927 Tanganyika ilikuwa imekwisha kuingia. Bodi ya Sarafu iliundwa mwaka 1919, na shilingi ya Afrika Mashariki ikaanza kutumika mwaka 1921. Mwaka 1948 magavana wa nchi tatu wakawekwa katika halmashauri moja iliyosimamia reli, bandari, posta, utafiti na ukusanyaji wa kodi.

Kamati ya Lugha ilikuwa ya ukoo huo huo. Iliundwa mwaka 1930 kwa ajili ya Kenya, Uganda, Tanganyika na Unguja, na kwa miaka mingi ofisi yake ilihamahama: Dar es Salaam, Nairobi, Makerere, Mombasa. Kamusi ya mwaka 1939, iliyoandaliwa chini ya uongozi wa Frederick Johnson, ni tunda la kazi hiyo ya pamoja.

Yafaa ieleweke kwamba mpango huo wa kikoloni ulikuwa na mwamuzi. Magavana wakishindana, neno la mwisho lilitoka London. Uhuru ulipokuja, mwamuzi huyo aliondoka, na ilikuwa haki aondoke. Lakini kiti chake kilibaki kitupu. Hata upungufu wa mpango huo ulirithiwa: viwanda na makao ya huduma vilikuwa vimelundikana Kenya, hasa Nairobi, na nchi nyingine mbili zilikuwa zimegeuka soko.

Tarehe 5 Juni 1963 Nyerere, Kenyatta na Obote walitangaza mjini Nairobi nia ya kuunda shirikisho la kisiasa. Shirikisho halikuundwa. Mwaka 1964 yalifikiwa Mapatano ya Kampala ya kugawana viwanda, lakini Kenya haikuyathibitisha. Mwaka 1965 kila nchi ilitangaza kwamba itakuwa na benki kuu na sarafu yake. Kamati ya Lugha nayo iliingia chini ya paa la chuo kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1964, ikawa chimbuko la TUKI. Mwaka 1967, mwaka ule ule wa Mkataba wa Jumuiya, Tanzania iliunda Baraza la Kiswahili la Taifa. Kazi ya lugha iliendelea, tena kwa bidii kubwa. Lakini haikuwa tena kazi ya serikali zote kwa pamoja.

Mkataba wa 1967

Mkataba uliotiwa saini Kampala tarehe 6 Juni 1967, na kuanza kutumika tarehe 1 Desemba 1967, ulikuwa jaribio la dhati la kurekebisha mambo. Makao makuu ya Jumuiya yaliwekwa Arusha. Mashirika nayo yaligawanywa: reli na ndege Nairobi, bandari Dar es Salaam, posta na simu Kampala. Nchi iliyokuwa nyuma kwa viwanda iliruhusiwa kutoza kodi maalumu bidhaa za jirani yake ili kulinda viwanda vyake vichanga. Benki ya Maendeleo ya Afrika Mashariki, yenye makao yake Kampala, iliagizwa kuelekeza asilimia 38.75 ya mikopo yake Tanzania, asilimia 38.75 Uganda, na asilimia 22.5 Kenya.

Hata hivyo, juu ya yote hayo yaliwekwa Mamlaka ya Afrika Mashariki, yaani marais watatu, na kila mmoja aliweza kuzuia uamuzi. Mawaziri wa Jumuiya walikuwapo, na Baraza la Kutunga Sheria lilikuwapo, lakini hakuna sheria iliyopita bila idhini ya wote watatu. Waswahili husema figa moja haliinjiki chungu. Hapa mafiga yalikuwa matatu kamili, na lilitosha moja kuondoka ili chungu kianguke.

Kuvunjika

Januari 1971 Amin alimpindua Obote. Nyerere alikataa kukaa naye meza moja, na tangu hapo Mamlaka hayakukutana tena. Jumuiya iliendelea miaka sita bila kikao cha chombo chake kikuu. Mambo yaliyohitaji marais yaliahirishwa au yakapitishwa kwa kuzungusha karatasi. Fedha zilizokusanywa na mashirika katika nchi moja zikazidi kuzuiwa zisifike makao makuu, na kila serikali ikaanza kujiona mdai wa mwenziwe.

Mwanzoni mwa 1977 Shirika la Ndege lilivunjika na Kenya ikaanzisha lake. Februari Tanzania ilifunga mpaka wake na Kenya, ambao haukufunguliwa hadi 1983. Ilipofika mwisho wa Juni 1977 bajeti ya Jumuiya haikuwa imepitishwa, na Jumuiya ikafa pamoja na mwaka wake wa fedha. Mali na madeni yaligawanywa kwa mapatano ya mwaka 1984, baada ya usuluhishi wa Victor Umbricht wa Uswisi: Kenya asilimia 42, Tanzania asilimia 32, Uganda asilimia 26. Waliobeba mzigo mzito ni wafanyakazi. Nchini Tanzania madai ya wastaafu wa Jumuiya yaliendelea mahakamani hata baada ya mwaka 2000.

Yafaa kutazama pia kilichopona. Benki ya Maendeleo haikufa. Ilipata hati yake mpya mwaka 1980 na kuendelea. Ilikuwa na mtaji wake, bodi yake na wanahisa wengine nje ya serikali tatu, na kazi yake ya kila siku haikungoja marais wakutane.

Hitimisho

Mkataba mpya wa 30 Novemba 1999 umejifunza mengi. Unataja wananchi kuwa kiini cha ushirikiano, na mkazi wa nchi mwanachama aweza kupeleka shauri katika Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki. Kiswahili kimetajwa humo kuwa lugha ya mawasiliano mapana inayopaswa kukuzwa, na kuna Kamisheni ya Kiswahili yenye makao yake Zanzibar. Yaani kazi iliyotawanyika baada ya 1964 imerudishiwa mahali pa pamoja.

Lakini wakuu wa nchi bado huamua kwa kauli moja, na tangu Somalia ilipojiunga mwaka 2024 wanachama ni wanane. Kauli moja ya watu watatu ilishindikana mwaka 1971. Ya wanane haiwezi kuwa nyepesi zaidi. Neno jumuiya kwa asili yake ni kukusanyika. Historia hii inatufundisha kuuliza, kabla ya kuhesabu ni wangapi waliokusanyika, ni nani ataendesha shughuli siku mmoja wao atakapokataa kuja.