Mwenye usonji anaweza kuongoza chuoni?

Mama mmoja alitupigia simu studio. Kijana wake ana usonji, Hisabati zinamshinda, lakini pale nyumbani hakuna anayewajua ng'ombe kama yeye. Je, kumpeleka chuo si kutupa ada? Muda wa kipindi ulituishia, kwa hiyo tunamjibu hapa.

Usonji si laana wala hauambukizi. Ni ubongo kukua kwa namna yake tangu utotoni: mtu anaweza kuchelewa kusema, akasumbuliwa na kelele, au asikutazame machoni.

Temple Grandin wa Marekani, aliyezaliwa mwaka 1947, alikaribia miaka minne ndipo akasema. Aljebra ilimshinda. Mwenyewe anasema huwaza kwa picha. Akiwa msichana, kwenye ranchi ya jamaa zao Arizona, aliona ng'ombe wanavyotulia wakibanwa kwa ajili ya chanjo. Akajitengenezea kibanio chake cha mbao, kwa kuwa nacho kilimtuliza. Chuoni wakubwa walikiona kituko, wakataka kukiondoa. Mwalimu wake wa zamani wa sayansi akamshauri afanye utafiti ili ajue kwa nini kinamtuliza.

Baadaye aliingia kwenye ujia wa ng'ombe, akainama usawa wa macho yao. Akaona yanayowagomesha: kivuli, mnyororo unaoning'inia, koti lililotundikwa uzioni. (Wafugaji, mnalijua hili, ng'ombe akigoma josho, sisi tunachukua fimbo.) Akachora majosho na njia mpya, na leo karibu nusu ya ng'ombe wa Amerika Kaskazini hupitia mitambo aliyoibuni. Alipata shahada ya uzamivu mwaka 1989, na tangu mwaka 1990 anafundisha Chuo Kikuu cha Jimbo la Colorado, ambako ni profesa.

Kwa maoni yangu, wengi kama yeye huachwa mlangoni. Kwenye usaili anayekwepa macho huonekana mjeuri, na cheo hupewa msemaji hodari.

Mama, kabla ya kulipa ada nenda na kijana mwenyewe ofisi ya mshauri wa wanafunzi, mkiwa na barua ya daktari. Ulizeni kama atapata chumba tulivu na muda wa ziada kwenye mtihani, na maelekezo kwa maandishi. Na mwacheni aseme mwenyewe habari za ng'ombe wake.