Stesheni Iliyobaki Jina

Shangani ni jina kongwe la pwani. Liko Mogadishu, liko Mji Mkongwe wa Unguja, na liko Mtwara, upande wa mji unaotazama bahari. Mji unaoizunguka Shangani hii ya kusini ulichorwa kwa ajili ya zao moja, karanga, na reli moja ambayo leo haipo.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, Uingereza ilipungukiwa na mafuta ya kula. Mwaka 1946 Frank Samuel wa United Africa Company alishauri karanga zilimwe Tanganyika kwa mitambo. Mwaka uliofuata kazi ikaanza, na Nachingwea ikawa miongoni mwa sehemu zilizochaguliwa, pamoja na Kongwa na Urambo. Mavuno yake yalihitaji njia ya kufika baharini.

Bandari ya asili ya eneo hilo ilikuwa Mikindani, iliyozoea majahazi na aliyopitia David Livingstone mwaka 1866. Lakini meli kubwa hutaka maji ya kina, na kina hicho kilikuwa katika ghuba ya Mtwara. Wapangaji wakachora huko bandari, reli, stesheni na mji wenye barabara pana.

Mpango wa karanga ulivunjwa Januari 1951, ukiwa umemeza pauni zipatazo milioni 36. Bandari ilipofunguliwa mwaka 1954, shehena iliyojengewa haikuwapo tena. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 reli nayo ikafungwa, vyuma vikang'olewa.

Lililodumu ni jina. Kijiji kililipa bandari, bandari ikaupa mji, na mji ukaupa mkoa. Mikindani, iliyoachwa kando na wachoraji, haikufutika: manispaa yao leo huitwa Mtwara-Mikindani, na mkongwe na mgeni husomwa katika kibao kimoja.

Kwa hiyo kutaja stesheni si jambo la kuachiwa dakika ya mwisho. Pembezoni mwa Nairobi, Rais Mwai Kibaki alifungua mwaka 2012 stesheni ya treni za abiria wa mjini, nayo ikaitwa Syokimau. Hilo ni jina la mwaguzi wa Ukambani ambaye, kwa masimulizi ya wazee, alitabiri nyoka mrefu atakayepita nchini kabla reli haijafika. Abiria akikata tiketi ya kwenda huko hutamka historia ya wenye ardhi, hata asipoijua.

Serikali ya Tanzania imekwisha kutangaza nia ya kujenga reli mpya kutoka Mtwara hadi Mbamba Bay, kando ya Ziwa Nyasa. Ikijengwa, wahandisi watapima udongo na kina cha maji kama walivyopima wenzao wa zamani. Jina la stesheni halipimwi kwa vyombo hivyo. Wa kuulizwa ni wavuvi na wazee wa Shangani na Mikindani, nao waulizwe kabla ramani haijatiwa saini.