Mwenza Asiye na Jina

Ukisema Uingereza kwa Kiswahili, msikilizaji hajui unataja dola nzima inayotawaliwa kutoka London au ile nchi moja tu, England, iliyopakana na Scotland na Wales. Mkubwa amewavisha wenzake jina lake hadi yeye mwenyewe akabaki hana. Kwetu Tanganyika iliingia kwenye Muungano na Zanzibar Aprili 1964 ikiwa na jina, serikali na bendera. Leo tunaiita Bara, na vyote vitatu havipo.

Jambo hilo limewashughulisha wanazuoni wawili ambao ni nadra kusomwa pamoja. Tom Nairn, mzaliwa wa Fife huko Scotland (1932–2023), alipoteza kazi ya ualimu katika chuo cha sanaa cha Hornsey, London, baada ya wanafunzi kukikalia chuo mwaka 1968. Issa Shivji, mzaliwa wa Kilosa, alifundisha sheria Chuo Kikuu cha Dar es Salaam tangu 1970 hadi 2006, kisha akawa wa kwanza kukalia Kigoda cha Mwalimu Nyerere. Wote wawili walilelewa na fikra za Marx, na kila mmoja aliuchunguza muungano wa mkubwa na mdogo alimozaliwa.

Njia zao ni mbalimbali. Katika kitabu chake cha 1977, The Break-Up of Britain, Nairn anasoma historia. Mwaka 1707 Scotland ilipoteza Bunge lake lakini ikabaki na kanisa lake, mahakama zake na shule zake. Wasomi na wafanyabiashara wake wakapata nafasi ndani ya himaya, hawakuona haja ya utaifa. Himaya ilipochakaa, na mafuta yakagunduliwa Bahari ya Kaskazini, utaifa ukaja umechelewa.

Shivji anasoma karatasi. Mzee Karume, rais wa kwanza wa Zanzibar, anasimuliwa kuufananisha Muungano na koti. Shivji, katika kitabu chake cha 1990 kuhusu misingi ya kisheria ya Muungano, aliligeuza koti hilo ndani nje akakagua mishono. Hati za Muungano zilitaja mambo 11. Mwaka 1965 ikaongezwa sarafu, mwaka 1968 mafuta na gesi. Orodha iliyomo kwenye Katiba leo ina mambo 22. Ukiifuata hesabu hiyo pamoja naye, unaona mamlaka yakihama kimyakimya, kipengele kwa kipengele. Nairn hana subira ya namna hiyo, na kwangu ni upungufu wake, maana vipengele hivyo ndivyo vinavyomkuta mwananchi njiani. Kwa miaka mingi msafiri aliyeshuka boti Dar es Salaam na televisheni aliyoinunua Unguja alisimamishwa bandarini alipie tofauti ya ushuru, ndani ya nchi yake mwenyewe: boksi limefungwa kamba, risiti ya dukani mkononi, foleni ikisukuma nyuma yake. Mskoti naye huweza kutoa noti ya benki ya Edinburgh dukani London, muuzaji akaigeuzageuza, kisha akamrudishia.

Lakini kuna alichokiona Nairn mapema: mkubwa naye ana utaifa wake, na usiposemwa hutokea kwa sura mbaya. Aliuandikia sura nzima utaifa wa England kupitia siasa za Enoch Powell, mbunge aliyepinga uhamiaji. Mwaka huohuo wa 1977 mbunge Tam Dalyell aliuliza kwa nini mbunge wa Scotland apige kura juu ya mambo ya ndani ya England, ilhali, Scotland ikipata bunge lake, wa England hatakuwa na sauti juu ya yale ya Scotland. Mtanzania analijua swali hilo vizuri. Mbunge kutoka Pemba hupiga kura Dodoma hata kwa mambo ya Bara yasiyo ya Muungano. Wa Bara hana kura katika Baraza la Wawakilishi la Zanzibar. Mwaka 1993 wabunge wa kundi la G55 walidai serikali ya Tanganyika, na Mwalimu akawapinga kwa ukali.

Nairn alitaka dola ya London ivunjike. Shivji ni muumini wa Umajumui wa Afrika, na kitabu chake cha 2008 kinasikitika kwamba Muungano ulifungwa na viongozi kwa hesabu za siasa za wakati ule, wananchi wasiulizwe. Hapa nasimama na Shivji kwa moyo wote. Waskoti waliulizwa mwaka 1979, wakaulizwa 1997, wakaulizwa tena 18 Septemba 2014, siku ambayo hata wenye miaka 16 walipiga kura, na asilimia 55 wakakataa kujitenga. Wiki mbili baadaye, tarehe 2 Oktoba, Bunge Maalumu la Katiba mjini Dodoma lilipitisha Katiba Inayopendekezwa yenye serikali mbili, likaiacha rasimu ya Tume ya Jaji Warioba iliyotaka tatu. Kura ya maoni ilipangwa kupigwa 30 Aprili 2015. Iliahirishwa, na bado haijapigwa.