Fahamu: Sauti isiyosikika inavyopiga saa ndani ya simu

NDANI ya kila simu ya mkononi, kompyuta na mnara wa mawasiliano kuna saa isiyo na mishale wala namba. Kazi yake si kuonyesha wakati, bali kutoa mapigo, mamilioni au hata mabilioni kwa sekunde, ambayo sehemu nyingine zote za mtambo huyafuata. Mapigo hayo yakiyumba, data huvurugika na mazungumzo hukatika.

Viwango vya kimataifa vya simu haviruhusu masafa ya mnara mkubwa kupotoka zaidi ya sehemu 50 kwa kila bilioni. Katika mitandao ambayo kutuma na kupokea hufanyika kwa zamu katika masafa yaleyale, ikiwamo mingi ya kizazi cha tano, saa ya mnara haitakiwi kupishana na saa ya rejea kwa zaidi ya maikrosekunde 1.5. Saa iliyopotoka kwa kiwango hicho cha 50 kwa bilioni, ikiachwa bila kurekebishwa, huuvuka mpaka huo katika nusu dakika tu. Kwa hiyo haitoshi saa kuwa imara. Ni lazima iwe tayari kusahihishwa wakati wote inapofanya kazi.

Chanzo cha mapigo hayo ni sauti. Mwaka 1880, ndugu wawili wa Ufaransa, Jacques na Pierre Curie, waligundua kuwa baadhi ya fuwele zikibanwa hutoa umeme. Baadaye ilithibitishwa kuwa kinyume chake pia ni kweli: zikipewa umeme, hujikunja na kutetema. Walter Cady wa Marekani alitumia tabia hiyo ya fuwele ya kwatzi kuongoza masafa ya redio mwanzoni mwa miaka ya 1920, na mwaka 1927 saa ya kwanza ya kwatzi ikatengenezwa katika maabara za Bell. Saa ya mkononi ya aina hiyo iliingia sokoni Japani Desemba 1969. Leo hupatikana hata kwa wachuuzi wa barabarani, na fuwele yake hutetema mara 32,768 kwa sekunde.

Tatizo la kwatzi ni unene. Kadiri masafa yanavyopanda, ndivyo kipande kinavyopaswa kuwa chembamba. Kile cha megahezi 10 kina unene wa takriban milimita 0.17, cha megahezi 100 hupungua hadi maikromita 17 hivi, na kukikata bila kukivunja ni kazi ngumu. Njia ya mkato ni kutumia fuwele ya masafa ya chini, kisha kuyazidisha kwa sakiti nyingine. Lakini kelele nazo huzidishwa: masafa yakizidishwa mara 100, nguvu ya kelele ikilinganishwa na ya mapigo yenyewe hupanda mara 10,000.

Hapo ndipo risoneta za utando mwembamba zilipopata nafasi. Badala ya kukata jiwe, mafundi hutandaza nitridi ya alumini juu ya silikoni, kati ya elektrodi mbili za metali. Sauti husafiri ndani ya nitridi hiyo kwa kasi ya takriban kilomita 11 kwa sekunde, zaidi ya mara 30 ya kasi yake hewani. Kwa gigahezi 2, hesabu hutaka unene usiofika maikromita 3, na uzito wa elektrodi huupunguza zaidi. Kampuni ya Agilent ilianza kuuza vichujio vya simu vya aina hii mwaka 2001.

Ili risoneta hiyo iwe osileta, huunganishwa na transista inayorudishia nguvu inayopotea katika kila mtetemo. Mpaka hapo kazi ni nyepesi. Ugumu huanza pale osileta inapotakiwa kurekebishwa.

Risoneta nzuri ni kaidi kwa maumbile. Ubora wake hupimwa kwa namba iitwayo Q, inayoonyesha jinsi inavyotunza nguvu ya mtetemo. Koili iliyochorwa juu ya silikoni hupata Q ya kati ya 10 na 20, risoneta ya utando hupita 1,000, na kwatzi hufika makumi ya maelfu na kuendelea. Q ikiwa kubwa, kelele hupungua, lakini masafa nayo hukataa kusogezwa. Nitridi ya alumini huacha nafasi ya asilimia 2 hadi 3 kati ya masafa yake mawili ya mtetemo, kubwa kuliko ya kwatzi, na ndani ya nafasi hiyo ndimo mbunifu anamocheza.

Chombo chake kikuu ni varakta, diodi ambayo uwezo wake wa kuhifadhi chaji hubadilika kwa volteji. Hata hivyo varakta hupoteza nguvu, na ikiunganishwa kwa uzito mkubwa hula Q ileile iliyotafutwa kwa gharama. Wabunifu wengi hugawa kazi: safu ya kapasita zenye swichi husahihisha makosa makubwa, na varakta ndogo huachiwa yale madogo.

Makosa hayo si haba. Katika utando wa maikromita moja, kosa la nanomita moja husogeza masafa kwa takriban sehemu moja kwa elfu, yaani megahezi 2 katika gigahezi 2. Ndiyo maana kiwandani unene husawazishwa kwa miale ya ioni.

Joto nalo ni adui. Nitridi ya alumini hulegea inapopashwa, na masafa hushuka kwa sehemu 25 hivi kwa milioni kwa kila nyuzi ya Selsiasi. Dawa yake ni tabaka la oksidi ya silikoni, ambayo kinyume na vitu vingi hukakamaa inapopata joto. Nalo lina bei: oksidi haigeuzi umeme kuwa mtetemo, hivyo nafasi ya kurekebisha hupungua tena.

Mwaka 2019, kampuni ya Texas Instruments ilitangaza bidhaa zenye risoneta za aina hii, ikiwamo kidhibiti cha redio kisichohitaji fuwele ya nje na saa ya kuoanisha mitandao. Katika saa hiyo osileta ya sauti imefungwa ndani ya mzunguko unaoilinganisha na ishara ya rejea na kuirudisha kwenye mstari kila inapoteleza. Ishara ya rejea ikipotea, kinachobaki kuulinda mnara ni uimara wa osileta zilizomo ndani ya mtambo wenyewe.